Chakula cha Chachu: Kimea, Machicha na Historia ya Pombe ya Nafaka katika Nachingwea na Ruangwa

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yatumiwayo kila siku bila kuchunguzwa ni neno chachu. Kwa kawaida huelezwa kuwa ni kitu kitiwacho katika unga au katika kinywaji ili kiumuke au kichachuke, na maelezo hayo ni sahihi kwa kadiri yaendavyo. Lakini chachu ina uhai, na kila chenye uhai hakina budi kula. Mpishi ambaye chachu yake haikupata chakula cha kutosha huambulia maji matamu yaliyolala, au kinywaji kilichoanza kutoa povu kisha kikasimama kabla ya kuiva. Kwa sababu hiyo yafaa kuuliza: watu waliopika pombe kabla ya hadubini kujulikana waliilisha chachu kwa kitu gani, na ujuzi wao umewekwa katika maneno gani?

Nchi ya Nachingwea na Ruangwa ni mahali panapofaa kwa uchunguzi huo, maana huko, katika muda usiozidi sana miaka mia moja, pombe ya nafaka, pombe ya matunda na pombe ya sukari zimekutana, na kila moja ina njia yake ya kuilisha chachu. Nchi hiyo imo katika Mkoa wa Lindi, na kwa sehemu kubwa iko kati ya bonde la mto Lukuledi upande wa kusini na bonde la mto Mbwemkuru upande wa kaskazini. Ruangwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea mpaka ilipofanywa wilaya ya peke yake mwaka 1995. Wenyeji wake walio wengi ni Wamwera, nao wamechanganyika na Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo. Lugha ya Kimwera iliandikiwa sarufi na Lyndon Harries, iliyochapishwa mwaka 1950. Lakini kazi ya sarufi ni kueleza jengo la lugha, na mambo ya chunguni hubaki kwa wenye chungu.

Yafaa kwanza kuyatazama maneno. Chachu ni jina litokanalo na kitendo kuchacha, ambacho maana yake si kuwa na ladha kali tu. Uji uliolala huchacha, lakini bahari nayo huchacha mawimbi yanapopanda, na vita huchacha vinapopamba moto. Katika matumizi yote hayo liko wazo la kitu kilichokuwa kimetulia kikaingiwa na nguvu kutoka ndani yake. Wafasiri wa Biblia walilichagua neno hilo kwa mfano wa mwanamke aliyetia chachu katika unga, na kutoka hapo limeingia katika maneno ya siasa, hata watu husema juu ya chachu ya maendeleo. Hamira ni neno jingine, lenye asili ya Kiarabu, nalo lilitoka pwani pamoja na ufundi wa mikate na maandazi. Mzizi wake katika Kiarabu ndio huo huo uliozaa neno khamr, yaani mvinyo. Hata hivyo katika Kiswahili maneno hayo mawili yamegawana kazi: hamira ni ile inunuliwayo dukani, na chachu ni ile izaliwayo nyumbani.

Kimea hakihitaji maelezo marefu: ni kile kilichomea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Machicha ni mabaki ya kitu kilichokamuliwa au kuchujwa, yawe ya nazi au ya pombe. Togwa ni kinywaji kitamu cha uji uliotiwa kimea, ambacho hakijawa kileo, na hunywewa hata na watoto. Katika orodha hii hakuna neno lenye maana ya chakula cha chachu. Msomaji anaweza kudhani kwamba wapishi wa zamani hawakulijua jambo lenyewe. Dhana hiyo yabomoka mara upishi wenyewe unapotazamwa.

Upishi wa pombe ya mtama, kama ufanywavyo katika sehemu nyingi za kusini, huanza siku kadhaa kabla ya moto kuwashwa. Mtama hulowekwa usiku na mchana, kisha hutandazwa mahali penye kivuli, hufunikwa kwa majani au gunia, na hunyunyiziwa maji kwa muda wa siku tatu au nne mpaka uchipue. Baadaye huanikwa juani, husuguliwa, kisha husagwa au kutwangwa. Upande mwingine hupikwa uji wa unga wa mtama au wa mahindi, nao huachwa upoe. Kimea hutiwa katika uji huo vuguvugu, na uji uliokuwa mzito hulegea na kuwa mtamu. Hiyo ndiyo togwa. Ikiachwa, au ikipikwa tena na kutiwa kimea kingine pamoja na machicha ya pombe iliyotangulia, huanza kutoa povu, na kwa kawaida siku ya pili au ya tatu huwa pombe. Mitungi ya kazi hiyo haisuguliwi sana, maana katika matundu madogo ya udongo chachu ya jana hungojea kazi ya kesho.

Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, na haikufanywa ovyo. Pombe iliwaita watu katika kilimo cha ujima, iliwakaribisha wageni wa arusi na matanga, na katika nchi ya jando na unyago ilikuwa sehemu ya sherehe za baada ya mavuno. Karl Weule, mwanachuoni wa Kijerumani aliyesafiri nyuma ya Lindi mwaka 1906, aliwakuta wenyeji wa kusini katika majira ya sherehe hizo. Lakini pombe ya nafaka ina sharti gumu: asiye na mtama hana kimea. Katika njaa iliyozifuata nchi za kusini baada ya Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, kila punje ilikuwa na wadai watatu, yaani sufuria, mbegu ya mwaka ujao, na mtungi. Kwa hiyo upishi wa pombe ulikuwa pia hesabu ya ghala.

Sasa yafaa kutazama kile kilichokuwa kikitendeka ndani ya mtungi. Mwaka 1857 na miaka iliyofuata, Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai vidogo. Aliona pia kwamba viumbe hivyo haviishi kwa sukari pekee. Huhitaji naitrojeni na madini, vitu ambavyo yeye alivitoa katika chumvi ya amonia na majivu ya chachu. Mwaka 1901 Eugène Wildiers, huko Louvain katika Ubelgiji, alitangaza kwamba hata sukari na madini havitoshi: kiasi kidogo cha chachu kikitiwa katika maji ya namna hiyo hakikui vizuri mpaka kiongezewe kitu fulani kitokanacho na viumbe vingine, naye akakiita bios, neno la Kigiriki lenye maana ya uhai. Baadaye ilitambulikana kwamba bios hiyo ni mkusanyiko wa vitu kadhaa, vingi vikiwa katika jamii ya vitamini B. Kwa hiyo chakula cha chachu kina mafungu matatu mbali na sukari: naitrojeni, hasa ile iliyomo katika vipande vidogo vya protini viitwavyo asidi za amino, vitamini, na madini kama fosfeti, magnesi na zinki.

Mambo hayo yakilinganishwa na upishi wa mtama, maana ya kimea huonekana wazi. Punje kavu ni ghala lililofungwa. Wanga wake chachu haiwezi kuula, na protini zake ni kubwa mno kwake. Punje inapochipua hutoa vimeng'enya vinavyoukata wanga kuwa sukari na protini kuwa asidi za amino, ili mche mchanga upate kula kabla haujaota majani ya kujitegemea. Mpishi hukatiza safari hiyo kwa kuianika punje juani, na chakula alichowekewa mche hugeuka kuwa chakula cha chachu. Kiini cha punje na pumba yake vina vitamini B na madini, na kwa kuwa nafaka husagwa nzima, vyote huingia mtungini. Machicha nayo hufanya kazi mbili kwa pamoja: huleta chachu hai itakayoanza kazi, na chachu iliyokufa, ambayo mwili wake hupasuka na kuilisha ile iliyo hai. Wapikaji wa bia za nyumbani katika Ulaya na Marekani, wanaotafuta siku hizi virutubisho vya asili, huchemsha chachu kuukuu na kuitia katika chombo kipya. Mpishi wa Nachingwea hakufundishwa jambo hilo na kitabu. Lilikuwamo ndani ya desturi ya kutotupa machicha.

Ndiyo sababu lugha haikuwa na jina la pekee la chakula cha chachu. Kilicholeta utamu na kilicholeta lishe kilikuwa kitu kimoja, na jina lake ni kimea.

Ushahidi wa nchi jirani waitia nguvu hoja hii, hasa mahali ambapo utamu hautoki katika nafaka. Wachaga hupika mbege kwa ndizi mbivu, ambazo zina sukari nyingi; lakini mbege haiwi mbege mpaka itiwe kimea cha ulezi. Katika Buganda na Bukoba maji ya ndizi hutiwa mtama. Ndizi zina sukari ya kutosha na naitrojeni kidogo, na nafaka hulijaza pengo hilo. Asali ina upungufu mkubwa zaidi. Karibu yote ni sukari, na pombe yake huenda polepole ikiachwa peke yake. Wakikuyu huitia katika pombe hiyo matunda makavu ya mti wa mwegea, ambayo wao huyaita muratina, jina ambalo pombe yenyewe imelichukua. Na matunda hayo huhifadhiwa pamoja na chachu iliyoyashika ili yatumike tena. Kinyume cha hayo ni tembo la mnazi. Utomvu wa mnazi huchacha wenyewe tangu ukiwa katika kibuyu cha mgema, maana mti umekwisha kuweka ndani yake sukari pamoja na asidi za amino. Hivyo mgema haongezi kitu, Mchaga huongeza ulezi, na kila mmoja yu sahihi kwa kadiri ya kinywaji chake.

Katika Nachingwea mlingano huu wa zamani ulianza kutikisika baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Tanganyika, kwa nia ya kupata mafuta ya kula, na Nachingwea ikawa kituo chake cha kusini. Mwaka 1948 kazi ilishikwa na shirika la Overseas Food Corporation. Bandari ya maji marefu ilijengwa Mtwara na reli ikaelekezwa Nachingwea. Mwezi Januari 1951 ilitangazwa kwamba mpango umeshindwa, na hasara yake ilihesabiwa kuwa zaidi ya pauni milioni 36. Reli yenyewe ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha ikang'olewa. Lakini mshahara ukisha kuingia katika nchi hauondoki na garimoshi. Palipo na vibarua walio mbali na kwao, pombe hutoka katika sherehe na kuingia sokoni. Na pombe ya kuuza haingoji mavuno wala haingoji kimea kikauke. Neno kilabu, lililotoka katika Kiingereza kwa maana ya chama cha starehe, lilipata Tanganyika nzima maana ya banda la pombe lenye leseni, na ushuru wake ukawa pato la halmashauri.

Badiliko la pili lililetwa na mkorosho. Mti huo uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, na jina lake jingine la Kiswahili, mkanju, lahifadhi habari hiyo. Hata hivyo kilimo chake cha biashara kilienea katika nchi za kusini hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, na msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Kisha mavuno yakaanguka: watu walihamishiwa katika vijiji vya pamoja wakaiacha mikorosho mbali, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Katika miaka ya baadaye zao hilo liliinuka tena. Kila korosho hukua chini ya tunda lake, bibo, ambalo ni zito mara kadhaa kuliko korosho yenyewe. Kwa hiyo kila msimu sukari nyingi ilianguka chini ya miti bila bei. Bibo hukamuliwa, na maji yake, yakipata chachu iliyo juu ya ganda la tunda, huwa uraka kwa muda wa siku moja au mbili. Mabibo yanayokaushwa, yaitwayo kochoko, huwekwa mpaka msimu upite, yakalowekwa tena.

Uraka haukuidhulumu nchi. Ulimwachia mpishi mtama wake, na katika mwaka wa njaa hilo si jambo dogo. Lakini lishe yake kwa chachu ni tofauti. Bibo lina sukari na vitamini C kwa wingi. Protini yake ni chache, na ule ukakasi uushikao ulimi hutokana na tanini, ambayo huzifunga protini zisipatikane kwa urahisi. Uraka hunywewa upesi ukiwa mpya, nao hauna akiba ya lishe kama iliyomo katika pombe ya mtama.

Badiliko la tatu ni lile la gongo, ambayo kusini huitwa pia nipa. Kinywaji hicho hukenekwa kwa moto kutoka katika uraka, kochoko, au maji ya sukari yaliyotiwa hamira. Jina lake moja la mtaani, moshi, liliingia hata katika jina la sheria ya mwaka 1966 iliyohusu utengenezaji wake. Kwa upande wa lishe gongo ni kinyume kabisa cha pombe ya mtama. Mnywaji wa pombe ya mtama huinywa pamoja na mashapo. Kwa hiyo huila chachu yenyewe, na vitamini B ambazo chachu imezikusanya humrudia yeye. Katika gongo kileo hupanda na mvuke, na kila kilicho chakula hubaki chini ya pipa. Tena maji ya sukari tupu ndiyo yale yale ya Pasteur na Wildiers: chachu huyaingia kwa nguvu, kisha hunyong'onyea. Viwanda hutibu upungufu huo kwa chumvi ya fosfeti ya amonia, ambayo mkulima wa Tanzania aijua kwa jina la mbolea ya DAP. Hapo pana hatari, kwa sababu mbolea ya shamba haikusafishwa kwa ajili ya kinywa cha mtu. Dawa ya upungufu huo iliyo salama ilikuwako tangu zamani, nayo ni kiasi kidogo cha kimea, pumba au machicha.

Historia hii ina upande mwingine unaowahusu hasa watu wa lugha. Mwaka 1893, Ujerumani ilipokuwa ikitawala Tanganyika, Paul Lindner, mtaalamu wa chachu wa Kijerumani, alieleza namna mpya ya chachu iliyopatikana katika pombe ya nafaka kutoka Afrika ya Mashariki. Chachu nyingi za bia huzaa kwa kutoa chipukizi ubavuni, lakini hii ni kama kijiti ambacho hurefuka kisha hupasuka katikati. Akaiita Schizosaccharomyces pombe, na neno la Kiswahili likaingia katika Kilatini cha wanasayansi. Katika miaka ya 1940 na 1950 chachu hiyo ilichunguzwa Uswisi na Edinburgh. Kwa kuitumia, Mwingereza Paul Nurse aliitambua jini inayoongoza kugawanyika kwa seli, na mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobel. Mpangilio mzima wa jini zake ulichapishwa mwaka 2002. Yafaa ikumbukwe tabia yake moja: ikinyimwa naitrojeni huacha kugawanyika, seli mbili huungana, na hutoa mbegu ngumu za kungojea wakati mwema. Na miongoni mwa vyakula ambavyo maabara huilishia mpaka leo ni maji ya kimea.

Hivyo neno pombe limezunguka dunia, lakini maneno yaliyokuwa yakilitegemeza yamebaki nyuma. Kamusi ikisema kwamba kimea ni nafaka iliyooteshwa, na machicha ni mabaki, imetaja vitu bila kutaja kazi yake. Ingefaa maelezo yaonyeshe kwamba kimea ni chenye kuutamanisha uji na kuilisha chachu. Kwamba machicha ni mbegu ya pombe ijayo na lishe yake. Na kwamba chachu na hamira si neno moja lenye majina mawili. Ingefaa pia maneno ya Kimwera, Kimakua, Kiyao na Kimakonde yahusuyo hatua za upishi, tangu kulowesha mpaka kuchuja, yakusanywe kutoka kwa wanawake wa Nachingwea na Ruangwa wanaoyatumia. Kazi hiyo haingoji. Ujuzi wa kimea uliishi kwa sababu ulifanywa kila mwaka baada ya mavuno. Mahali ambapo sukari ya dukani na pakiti ya hamira zimeshika nafasi ya mtama, mama hana tena siku nne za kumwonyesha binti yake namna punje inavyochipua, na siku ya kuianika.